Julai ya pwani: kipupwe, Siku ya Mwaka na matunda ya msimu

Ndugu uliyeuliza, swali lako lilikuwa na mambo matatu: Mwaka Kogwa, yaani sherehe ya Siku ya Mwaka pale Makunduchi, huwa lini hasa, maana kila ukiuliza unapewa tarehe nyingine, mtu akija Unguja mwezi wa Julai atakuta matunda gani, na hizo mila za mwezi huu ni zipi na zinafanywaje. Waliotangulia wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi nitarefusha kidogo, kwa sababu kwangu haya matatu ni jambo moja. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, Julai ndipo mwaka unapofunga na mwingine kufungua, na karibu kila kinacholiwa au kufanywa mwezi huu kinafuata hesabu hiyo pamoja na upepo wa kusi.

Kwanza hali ya hewa, upesi. Mvua za masika zikikatika, kusi inashika kwa nguvu, na kuanzia Juni mpaka Agosti tuko katika kipupwe. Usiku Unguja joto hushuka hadi nyuzi 21 hivi, mchana hufika 28. Mtu wa Nairobi, Mbeya au Bukavu atasema hiyo si baridi, na ana haki yake, lakini kwa upepo unaovuma mchana kutwa na unyevu wa bahari, alfajiri utatafuta shuka la pili. Kuna pia manyunyu ya mchoo, mvua fupifupi zinazokuja ghafla na kuondoka. Kumbuka hayo manyunyu, maana baadaye yatahusika na karafuu. Upande wa mashariki wa kisiwa bahari huchafuka, ngalawa nyingi hubaki ndani ya mwamba, na wavuvi wa pweza hungoja bamvua, maji yanapokupwa sana, ndipo wautembelee mwamba kwa miguu. Zama za majahazi, Juni na Julai hakuna nahodha mwenye akili aliyetoka kwenda Uarabuni au India. Chombo kilipandishwa pwani kikatengenezwa, kikangoja demani, kusi ilipolegea.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Pwani ilikuwa, na kwa wazee bado iko, na kalenda mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, inayoongoza Ramadhani, Idi, Maulidi na mambo yote ya dini. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo ukilinganisha na jua unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kalenda hiyo haiwezi kumwambia mkulima lini apande mpunga, wala nahodha lini bahari itamruhusu. Kwa kazi hizo kuna ya pili, ya jua, inayoanzia Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi.

Mwaka huo una siku 365 kamili. Hauhesabiwi kwa miezi bali kwa miongo, yaani siku kumi kumi: miongo 36 hufanya siku 360, na tano zinazobaki hukaa mwishoni peke yake. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Tuseme Siku ya Mwaka imeangukia tarehe 20 Julai. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Julai inakupa siku 12, Agosti 31, Septemba 30, hapo umefika 73. Siku ya mia inakuwa tarehe 27 Oktoba, wakati vuli inaposubiriwa. Endelea hivyo hivyo, na siku ya 240 itaangukia tarehe 16 Machi ikiwa Februari ina siku 28, masika yakiwa mlangoni. Ndiyo maana mzee anaweza kukwambia mbegu ziwe tayari mwongo fulani bila kutaja mwezi wowote wa kalenda ya ukutani, na asikose kwa kiasi kikubwa.

Mwaka wenyewe huitwa kwa siku ya wiki uliyoanzia. Kwa kuwa 365 ni wiki 52 na siku moja, mwaka ulioanza Jumatatu hufuatwa na ulioanza Jumanne, kisha Jumatano, na kuendelea. Anayekumbuka siku ya mwaka jana hahitaji karatasi kujua ya mwaka huu. Na usisahau kwamba siku ya Kiswahili huanza jua linapozama. Ukiambiwa jambo fulani hufanyika usiku wa Mwaka, ni usiku wa kuamkia, si ule unaofuata. Wageni hukosa mambo mengi kwa kutolijua hili.

Kasoro ya hesabu hii ni robo ya siku. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu saa sita, na mwaka wetu hauna siku ya nyongeza ya Februari. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja, na kwa karne moja siku 24 au 25. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Leo iko Julai. Mtu aliyefikisha umri wa miaka 60 ameiona ikisogea kama siku 15 tangu azaliwe, na hapo ndipo mkulima anayeshika hesabu ya babu yake bila kuirekebisha anapoanza kupanda kabla ya mvua. Wenye ujuzi hurekebisha miongo kidogo kidogo, wakitazama na dalili nyingine: upepo unapogeuka, mibuyu inapochipua majani.

Wengi huuliza: kama asili ya siku hii ni Nauruzi ya Waajemi, mbona wenzetu wa Iran huisherehekea Machi? Jibu ni hiyo hiyo robo ya siku. Waajemi waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079 na kuifunga kwenye siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana, ikabaki pale. Sisi hatukuirekebisha. Waparsi wa India, wenye asili ya Uajemi, walioendelea na siku 365 tupu, nao mwaka mpya wao hauko Machi. Wengi wao huupata katikati ya Agosti. Wenyeji wa kusini mwa Unguja hujihesabu Washirazi, yaani watu wenye asili ya Shirazi, Uajemi, na pale Kizimkazi Dimbani, jirani na Makunduchi, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa hiyo mila hii imekaa mahali penye mizizi mirefu.

Kwa swali lako la tarehe basi: siku hizi tafuta wiki ya tatu na ya nne ya Julai, lakini usinunue tiketi kwa kutegemea kalenda ya watalii iliyochapishwa miezi mingi kabla. Uliza wenyeji wa Makunduchi wenyewe wiki mbili tatu kabla. Shamrashamra huchukua siku nne, na siku yenye mambo mazito ni ya kwanza. Ukifika ya pili utakuta ngoma, vyakula na watu wamependeza, lakini mapigano na moto vimekwisha.

Makunduchi iko kusini kabisa mwa kisiwa, kilomita 60 hivi kutoka mjini. Fika asubuhi, kwa sababu adhuhuri magari hujaa na kiwanja huzingirwa na watu. Mambo hufuatana hivi. Vijana na watu wazima wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini wa mji hukutana uwanjani na kupigana kwa mabua ya migomba. Si maigizo, wanapigana kweli, na utawaona baadhi wamevaa makoti mazito, mashati mawili matatu, hata kofia za pikipiki. Wamechagua mgomba kwa sababu nzuri. Bua lake limejaa maji na nyuzi laini. Likipiga linauma na kuacha alama, lakini linapasuka kabla ya mfupa. Bua linalofaa ni bichi, la siku hiyo hiyo. Likilala siku mbili linanyauka, linakuwa gumu na lenye kukata, na wazee hawalipendi. Kinachotolewa pale ni kinyongo cha mwaka mzima: aliyekosana na mwenzake humtafuta uwanjani, wakamalizana, na baada ya hapo hairuhusiwi kuendeleza ugomvi. Mimi naona hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika mila hii, na ndilo linalosahaulika watu wanapoitangaza kama burudani tu.

Wakati wanaume wanapigana, wanawake huzunguka uwanja na vichochoro vya mashamba wakiimba, wamevaa nguo zao bora kabisa. Nyimbo ni za kusifu, za mapenzi, za mafumbo na za kusemana. Ukijua Kikae, lugha ya Makunduchi, utacheka sana. Usipojua, kaa karibu na bibi mmoja umwombe akufasirie, na hatakunyima.

Kisha kijumba cha makuti. Hujengwa makusudi, kidogo, makuti makavu juu ya fito. Mtu huingia ndani, kijumba kikatiwa moto na msimamizi wa mila, na aliyemo hutoka mbio moto ukiwa umeshika. Wenyeji huieleza hivi: nyumba ikiungua katika mwaka unaoingia, waliomo wasalimike. Halafu macho yote hugeukia moshi, maana unakoelekea ndiko husomwa bahati ya mwaka. Julai ni mwezi wa kusi, kwa hiyo moshi mara nyingi huenda kaskazini au kaskazini-magharibi. Ukipinda kwingine, wazee hunong'onezana. Wewe mgeni jifunze kutokana na upepo huo huo: simama upande wa kusini wa kijumba. Kila mwaka kuna watu wanaojipanga upande wa pili kwa ajili ya picha, makuti yakishika wanapigwa na moshi na cheche, wakakimbia wakikanyagana na watoto.

Adabu chache. Usiingie kwenye mapigano kwa kujitakia. Hayo ni ya wenye mji. Picha za wanawake ziombwe kwanza. Vaa nguo za stara, huu ni mji wa Kiislamu. Na ukikaribishwa chakula nyumbani kwa mtu usikatae, hata kama umeshiba, onja. Siku hiyo kukosa mgeni nyumbani ni mkosi, kwa hiyo anayekukaribisha anakuomba umkamilishie mwaka wake. Ukitaka kwenda na zawadi, sukari, mchele au majani ya chai vinatosha na vinapokelewa vizuri.

Zamani, pwani nzima, usiku wa Mwaka watu walizima moto wa jikoni, wakazoa majivu yote ya mafiga, wakaoga baharini kabla ya jua, kisha wakawasha moto mpya. Moto wa gesi na mkaa wa duka umeimaliza nusu ya desturi hiyo, lakini kuoga baharini kungaliko. Lamu na Mombasa desturi yao ni kuzungusha ng'ombe mjini kwa dua kabla ya kumchinja na kula sadaka. Mombasa jambo hili hushikamana na kaburi la Shehe Mvita. Wako masheikh wanaopinga mila hizi na wako wanaozisimamia kwa Fatiha na dua, na mjadala huo haukuanza leo. Ukiwa mgeni, sikiliza tu.

Tuje kwenye matunda. Kwanza futa kichwani maembe, shokishoki na doriani. Hayo ni ya kaskazi, Novemba mpaka Januari na Februari. Anayekuuzia embe Julai anakuuzia embe la msimu mdogo au lililosafiri, na bei itakwambia. Julai ni mwezi wa jamii ya michungwa: machungwa, machenza, mabalungi, ndimu. Machungwa hutoka mashamba ya Unguja yenyewe, na mengine mengi huvuka kutoka Muheza, Tanga.

Chungwa halivundikwi. Hili liandike mahali. Embe, ndizi na papai huchumwa yamekomaa yakaiva ndani ya majivu au gunia, lakini chungwa likishakatwa mtini utamu wake umekwisha kuandikwa. Litalainika na kukauka, halitaongeza sukari. Kwa hiyo chungwa chachu la mapema Mei litabaki chachu hata ukiliweka mwezi mzima. Usihukumu kwa rangi pia. Ganda hupoteza ukijani kwa baridi ya usiku, na pwani baridi hiyo ni haba, ndiyo maana chungwa letu lililoiva kabisa linaweza kuwa kijani tupu. Kipupwe ndicho kinacholipa manjano kidogo, na yale ya milimani hupata rangi zaidi kuliko ya bondeni, lakini utamu hauko kwenye rangi.

Utachagua vipi basi? Kwa uzito. Shika mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, chukua linaloelemea mkono. Tazama ganda: likiwa laini, jembamba, vitundu vyake vimelala, lina maji, likiwa na matuta na shingo nene kwenye kikonyo, ndani ni ganda na nyuzi. Bonyeza upande wa chini kwa kidole gumba. Likibonyea na kubaki, liache. Tafuta kitobo kidogo chenye duara la njano kukizunguka. Hapo nzi wa matunda ametaga, na ndani kuna funza hata kama nje panapendeza. Tangu nzi yule wa kutoka Asia aonekane Kenya mwaka 2003 na kuenea ukanda mzima, hakuna shamba lililosalimika, ila kipupwe humpunguzia kasi, na hiyo ni sababu nyingine chungwa la Julai kuwa bora kuliko la msimu mdogo wa Desemba.

Wenye miti: usivute. Ukilivuta chungwa, kikonyo hung'oka na kipande cha ganda, pakabaki jeraha, na baada ya siku tatu nne pameota ukungu wa kijani unaoambukiza tenga zima. Kata kwa mkasi au kisu ukiacha kikonyo kifupi kisichozidi nusu sentimita. Kikiwa kirefu kitatoboa majirani zake safarini. Yaliyo juu yaangue kwa upembo wenye kifuko, yasianguke chini, maana chungwa lililoanguka huoza kuanzia ndani. Usichume umande haujakauka. Ganda lenye maji limejaa mpaka mwisho, na mkono ukilikandamiza mafuta yake hupasuka na kuliunguza, madoa ya kahawia yakaonekana kesho yake. Ngoja saa tatu au nne asubuhi. Tandaza kivulini mpaka jioni ndipo ufungashe, na yaliyo na majeraha uyale au uyakamue siku hiyo hiyo.

Machenza ndiyo huanza kuisha kabla ya machungwa. Chenza bora Julai ni lile ambalo ganda bado limeshikana na nyama. Likiwa limevimba, unasikia ganda linacheza ukilibonyeza, limekaa mtini kupita kiasi na vipande vya ndani vimekauka kama pamba, hasa upande wa kikonyo. Ukiwa na mchenza, anza kuchuma upande wa jua, na usiache mzigo wote mtini kwa kungoja bei, maana mti uliochelewa kupumzika mwaka unaofuata huzaa kidogo. Michungwa ya Valencia ndiyo inayochelewa, inaweza kukufikisha Agosti na zaidi.

Balungi watu wengi hulishindwa kwa kulimenya kama chungwa. Kata vichwa vyote viwili mpaka uone nyama, chora ganda kwa kisu kutoka juu kwenda chini mara sita, ondoa ganda kwa dole gumba, kisha, na hapa ndipo kazi ilipo, vua kila kipande ngozi yake nyeupe. Ngozi hiyo ndiyo yenye uchungu. Nyama peke yake na chumvi na pilipili ya unga kidogo ni chakula cha kifalme. Kama unatumia dawa za shinikizo la damu au za mafuta mwilini, muulize daktari kwanza; balungi, kama binamu yake mdogo wa madukani (grapefruit), huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa hizo.

Kitu kingine cha mwezi huu ambacho hakuna aliyekitaja ni pepeta. Mpunga wa masika huvunwa Juni na Julai, na kabla haujakauka kabisa ndipo pepeta inapotengenezwa. Chagua masuke ambayo nusu yake imegeuka njano, punje ukiiminya kwa kucha inabonyea lakini haitoi maziwa. Pukuchua, kaanga kwenye chungu kikavu kwa moto wa wastani, kiasi cha vikombe viwili kwa mara moja, ukikoroga bila kuacha mpaka usikie punje za kwanza zikidata na harufu ya mchele mpya itoke. Mimina kwenye kinu zikiwa moto na utwange papo hapo, kwa mapigo ya kushuka wima, si ya kuzungusha. Punje itakuwa bapa na maganda yatajitenga. Pepeta kwenye ungo, rudia kutwanga iliyobaki na maganda. Mpunga ukiwa mchanga mno, hunata kinuni ukawa bonge. Ukiwa umekauka, punje huvunjika chenga. Ukingoja ipoe ndipo utwange, ganda halitoki. Inaliwa na nazi iliyokunwa na sukari, kwa chai ya mchaichai. Haikai: siku mbili tatu inakuwa ngumu, kwa hiyo tengeneza ya kuliwa.

Ubuyu na ukwaju navyo ni vya kiangazi hiki cha baridi, vikitoka zaidi bara. Ubuyu mpya hutambulika kwa weupe wa unga wake na ukali unaokaza ulimi. Wa zamani ni wa rangi ya udongo. Ukitaka ubuyu mwekundu wa Zanzibar, chukua nusu kilo ya ubuyu wenye kokwa, uchekeche kwanza, na ule unga uliopita uweke kwa juisi au uji. Hatua hii ikirukwa, unga unayeyuka kwenye sukari na unapata uji mwekundu. Chemsha sukari gramu 350 hadi 400 na maji kikombe kimoja, chumvi kidogo, rangi nyekundu ya chakula nusu kijiko cha chai, hiliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, na pilipili ya unga kadiri ya ujasiri wako. Acha ichemke mpaka tone likibanwa kati ya vidole viwili linavuta uzi mfupi. Punguza moto, mimina ubuyu, geuza taratibu dakika tatu hadi tano kila kokwa ipate koti, tia vanila, epua, tandaza kwenye sinia. Shira ikiwa nyepesi, ubuyu hubaki umelowa na baada ya siku chache huota ukungu. Ikipitiliza, sukari hugeuka chembechembe na koti hudondoka. Ikikutokea ya pili, rudisha motoni na vijiko viwili vya maji, itasamehe. Na katika kipupwe usiuanike nje wakati wa manyunyu. Sukari hunyonya unyevu na hautakauka tena.

Ukwaju hauna mambo mengi: robo kilo kwa lita moja ya maji vuguvugu, nusu saa, kanda, chuja, tia sukari na tangawizi. Usiuloweke kwenye sufuria ya alumini. Ukali wake hula chuma hicho na juisi hupata ladha ya sarafu.

Nimalizie na karafuu, ingawa si tunda bali ni kichipukizi cha ua, kwa sababu msimu wake unaoitwa wa mwaka hufunguka Julai, na Pemba wakati huu kila mkono uko shambani. Karafuu huchumwa ikiwa imejaa na kuanza kuona wekundu kichwani, kabla haijafunguka. Ikifunguka imeshapoteza thamani. Ikichumwa kijani tupu inakauka ikiwa nyembamba na mikunjo. Usiku huo huo huchambuliwa, karafuu huku, makonyo kule, na asubuhi huanikwa juu ya majamvi, tabaka jembamba la kidole kimoja, ikigeuzwa mara kwa mara. Jua likiwa zuri siku tatu hadi tano zinatosha. Kilo tatu mbichi hutoa takriban moja kavu. Sasa yale manyunyu ya mchoo: karafuu iliyorundikwa mbichi usiku mmoja, au iliyonyeshewa ikarundikwa, hupata joto ndani, huvunda, ikikauka inakuwa nyeupe-kijivu na haina mafuta. Mwenye shamba huweka turubai karibu na mtu wa kutazama wingu. Kuanika barabarani juu ya lami hukausha haraka, lakini karafuu hubeba harufu ya lami na mchanga, na daraja linashuka. Kavu ya kweli ukiikunja inavunjika kwa mlio, na ukiikandamiza kichwa kwa kucha inatoa mafuta.

Ukirudi na zawadi: machungwa yafunge kwenye tenga au gunia la wavu. Mfuko wa plastiki huyatoa jasho, tena umepigwa marufuku Zanzibar na bara pia. Karafuu nunua kiasi cha jikoni kwenye duka linalojulikana, udai risiti. Usikubali kubebeshwa gunia na mtu yeyote, hata akiwa jamaa, maana ununuzi wa karafuu uko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na gunia lisilo na karatasi linahesabiwa magendo.